Mwenye Kusema Naye Aulizwe

Siku ya Ijumaa, tarehe 10 Mei 2019, televisheni ya BBC ya Uingereza ilionyesha mahojiano yaliyochukua kama robo saa tu, na ambayo tangu siku ile yametazamwa na mamilioni ya watu katika kila pembe ya dunia. Aliyeuliza alikuwa Bw. Andrew Neil, Mskochi aliyekuwa amekaribia miaka 70 ya umri wake. Aliyeulizwa alikuwa Bw. Ben Shapiro, kijana wa Kimarekani wa miaka 35, mwandishi na mzungumzaji wa siasa mwenye wafuasi wengi mno, ambaye kazi yake ni kusema. Hakuwa waziri wala mbunge, wala hakuwahi kupigiwa kura na mtu. Alikuwa mchambuzi, naye alikuja kunadi kitabu chake kipya.

Tunataka leo kuyazungumza mahojiano hayo, kwa sababu yanagusa jambo ambalo kila msikilizaji wa redio analijua hata kama hajapata kulitia katika maneno. Sote tumezoea kusikia waziri akiulizwa maswali makali. Twafurahi akibanwa, na akijikwaa tunacheka. Lakini yule bwana anayekaa studio kila juma akitueleza waziri amekosea wapi, nani atashinda, nani ni msaliti na nani ni mzalendo, yeye huulizwa na nani?

Kitabu cha Bw. Shapiro kililalamika kwamba watu wa Marekani wameacha kuzungumza kwa heshima, kwamba hasira imejaa katika siasa na kila mmoja anamwona mwenzake adui. Bw. Neil hakubishana na kitabu. Alichofanya ni kuchukua karatasi zake na kumsomea mwenye kitabu maneno yake mwenyewe ya miaka iliyopita. Alimkumbusha kwamba mwaka 2010 aliandika katika mtandao wa Twitter kuwa Waisraeli hupenda kujenga, na Waarabu hupenda kulipua mabomu na kuishi katika uchafu. Alimsomea na vichwa vya kanda zake zinazosambazwa, ambavyo karibu vyote vilimtangaza kuwa amemwangamiza mtu fulani katika mabishano. Je, mwenye maneno haya ndiye anayetufundisha upole? Hilo ndilo lililokuwa swali, na halikuwa na hila ndani yake.

Bw. Shapiro angeweza kulijibu. Kwa kweli alikuwa na jibu jema, nalo alilitoa nusunusu: kwamba vichwa vile viliandikwa na watu wengine, na kwamba yeye mwenyewe alikwisha kuandika orodha ya maneno yake ya kipumbavu anayoyajutia. Angalisimama hapo angalitoka salama. Lakini alikwisha kukasirika tangu mwanzo, alipoulizwa juu ya sheria ya kuzuia utoaji wa mimba iliyotiwa sahihi siku chache kabla katika jimbo la Georgia. Akaacha maswali, akamshika muulizaji. Akamwambia kuwa yeye ni mtu wa mrengo wa kushoto anayejificha nyuma ya kiti cha utangazaji. Na kwamba yeye Shapiro ni mashuhuri, hali huyu hajulikani na mtu.

Sasa, wasomaji wetu, Bw. Neil alikuwa mhariri wa gazeti la Sunday Times tangu mwaka 1983 hadi 1994, gazeti la bwana Rupert Murdoch, na wakati ule alikuwa mwenyekiti wa jarida la Spectator, ambalo wahafidhina wa Uingereza hulisoma kama watu wengine wanavyosoma barua za nyumbani. Kumwita mtu huyo wa kushoto ni sawa na kumwita mvuvi wa Bagamoyo mtu asiyejua maji. Mzee alimjibu kwa utulivu kuwa angalijua jinsi neno hilo linavyochekesha asingelitamka. Haukupita muda Bw. Shapiro akayakatisha mahojiano. Baadaye alikiri hadharani kwamba alishindwa na kwamba hakujiandaa, akaomba radhi kwa kumdhania vibaya mwenzake. Kwa hilo twampa haki yake; wako wengi ambao wasingekiri.

Jambo tunalotaka lionekane wazi ni hili: ukali wa mahojiano yale haukuwa katika sauti. Bw. Neil hakupiga kelele, wala hakumkatiza mgeni wake kwa dharau. Ukali ulikuwa katika karatasi. Mtu alikaa kabla ya hapo akasoma, akaandika tarehe, akahakikisha maneno ni yenyewe. Kazi hiyo haionekani katika kioo cha televisheni, na aghalabu haina sifa, lakini bila hiyo swali kali ni matusi tu yaliyovikwa alama ya kuuliza.

Uingereza yenyewe haikuzaliwa na desturi hii. Katika uchaguzi wa mwaka 1951 Bw. Anthony Eden alipohojiwa katika televisheni, maswali yalikuwa yamepangwa kabla, na muulizaji alisema kwa unyenyekevu kama mtumishi anayeleta chai. Ilikuwako pia kanuni ya siku kumi na nne: jambo lolote litakalojadiliwa Bungeni katika majuma mawili yajayo lilikuwa haramu kuzungumzwa katika redio au televisheni. BBC ilijifunga kwa kanuni hiyo tangu mwaka 1944, na mwaka 1955 serikali ikaifanya amri rasmi. Iliondolewa mwishoni mwa mwaka 1956, wakati wa mgogoro wa Suez, ilipokwisha kuonekana dhahiri kwamba taifa haliwezi kuwa katika hatari ya vita huku watangazaji wake wakizungumzia maua na kriketi.

Mwaka 1955 ikaanza televisheni ya pili, na ndani yake akatokea kijana aliyesomea uanasheria, Robin Day, mwenye miwani minene na tai ya kipepeo. Huyu aliuliza kama anavyouliza wakili mahakamani. Mwaka 1957, Uingereza ikiwa haina uhusiano wa kibalozi na Misri, alikwenda Cairo akaketi na Rais Gamal Abdel Nasser, akamwuliza ana kwa ana kama anakubali kuwako daima kwa taifa la Israeli. Februari 1958 akamketisha Waziri Mkuu wake mwenyewe, Bw. Harold Macmillan, akamwuliza juu ya lawama zilizokuwa zikimwandama Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Wako waandishi wa magazeti waliokasirika: Je, ni halali mtu wa televisheni, asiyechaguliwa na yeyote, kumwuliza Waziri Mkuu kuhusu kazi za mawaziri wake? Leo swali hilo linachekesha. Wakati ule halikuchekesha hata kidogo, na tutaona kuwa lina mzizi wa kweli ndani yake.

Wanafunzi wa Robin Day wakawa wengi, na baadhi yao wakajifunza sauti pasipo kujifunza karatasi. Mfano unaotajwa kila mara ni ule wa tarehe 13 Mei 1997, Bw. Jeremy Paxman alipomhoji Bw. Michael Howard, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani mpaka chama chake kiliposhindwa siku chache kabla. Mkuu wa idara ya magereza alikuwa amefukuzwa kazi mwaka 1995, na yakabaki mabishano kama waziri alimtishia kuwa atampindulia uamuzi wake juu ya mkuu wa gereza la Parkhurst. Bw. Paxman aliuliza swali hilo moja, kwa maneno yale yale, mara 12 hivi mfululizo, na mara zote jibu lilikwepa kama samaki anayeponyoka mkononi. Mahojiano hayo yamekuwa hadithi ya kufundishia. Lakini Bw. Paxman mwenyewe alieleza baadaye kuwa sababu mojawapo ya kurudiarudia ni kwamba filamu iliyotakiwa kufuata haikuwa tayari, naye ikambidi ajaze muda! Tunalisema hili si kumpunguzia heshima, maana swali lilikuwa la haki na kukwepa kulikuwa kukwepa. Tunalisema kwa sababu watangazaji vijana, wa huko na wa kwingineko, wamedhani kwamba kurudia ndiyo siri ya kazi.

Hata hivyo, tazameni tofauti. Bw. Howard alikuwa akigombea uongozi wa chama chake, na mwezi uliofuata, katika kura ya kwanza, akashika nafasi ya mwisho. Hatusemi mahojiano yale peke yake ndiyo yaliyomwangusha. Twasema lilikuwako sanduku la kura lililomngoja nje ya studio. Mwanasiasa ana siku yake ya hesabu, hata ikichelewa. Mchambuzi hana.

Kila mwanachama aliyewahi kuhudhuria mkutano wa mwaka wa tawi, au wa chama cha wafanyakazi kiwandani, anajua mweka hazina anavyofanywa. Huleta daftari. Hufungua ukurasa kwa ukurasa. Akisema shilingi elfu hamsini zilinunua mabati, mzee mmoja nyuma atasimama aulize mabati yako wapi, na mkutano hautakwisha mpaka mabati yaonekane. Hakuna anayesema mzee huyo hana adabu. Sasa mfikirieni mtu anayekuja mbele ya taifa zima kila siku akitoa, si shilingi, bali hukumu na utabiri, na hakuna daftari hata moja linaloandikwa.

Yuko mtaalamu mmoja wa Marekani aliyejaribu kuliandika. Profesa Philip Tetlock alianza katika miaka ya 1980 kuwauliza wataalamu 284, watu ambao kazi yao ilikuwa kutoa maoni au ushauri juu ya siasa na uchumi, watabiri mambo yatakayotokea: serikali gani itaanguka, nchi gani itapigana, uchumi gani utapanda. Akakusanya makumi ya maelfu ya utabiri, kisha akafanya kitu ambacho hakuna kituo cha redio kinachokifanya. Alingoja. Miaka ilipopita akalinganisha maneno na matukio. Kitabu alichokitoa mwaka 2005 kilionyesha kwamba kwa wastani wataalamu hao walikaribia sana kubahatisha, hata watu wakafanya mzaha kuwa nyani mwenye mishale ya kutupa angefanya vile vile. Na lililo baya zaidi, wale waliokuwa mashuhuri, wanaoitwa mara kwa mara mbele ya kipaza sauti, walielekea kukosea kuliko wenzao wasiojulikana. Sababu yake si ngumu kuiona. Mtangazaji humpenda mtu anayesema kwa uhakika. Mwenye kusema "huenda, lakini yapo na mambo mengine ya kuangalia" haitwi tena juma lijalo.

Tuongeze na mfano wa fedha, maana fedha na siasa ni ndugu. Tarehe 11 Machi 2008 mchambuzi wa masoko ya Marekani, Bw. Jim Cramer, alimwambia mtazamaji aliyeuliza kwa wasiwasi kuwa benki ya Bear Stearns iko sawa na asitoe fedha zake. Siku tano baadaye benki hiyo ilikuwa imekwisha, na ikakubaliwa iuzwe kwa dola 2 tu kwa kila hisa. Mwenyewe hujitetea kuwa alizungumza juu ya amana, si hisa, na utetezi huo una haki ya kusikilizwa. Lakini mwaka mmoja baadaye, Machi 2009, aliyemketisha akamwonyesha kanda za maneno yake mwenyewe hakuwa mwandishi wa habari. Alikuwa mchekeshaji, Bw. Jon Stewart. Inatupasa kutafakari hapo. Nchi yenye vituo vya televisheni vingi mno, na kazi ya kumwuliza mchambuzi ikaachiwa mchekeshaji! Bw. Cramer aliaibika usiku ule, akaendelea na kipindi chake miaka mingi baadaye.

Wapo watakaotuambia kwamba yote haya ni mchezo wa ngumi, kwamba muulizaji hupata sifa, muulizwaji hupata wasikilizaji wapya, na mwananchi hapati kitu. Hatuwakatalii kabisa. Bw. Shapiro hakupoteza wafuasi wake kwa yale mahojiano. Wengine walimpenda zaidi. Na yapo mahojiano mengi makali ambayo ukimaliza kuyasikiliza unajua nani amekasirika, lakini hujui jambo lenyewe lilikuwa nini. Wala dawa hii haimpati asiyetaka kuinywa. Katika uchaguzi wa Uingereza wa Desemba 2019, Bw. Neil aliwahoji viongozi wa vyama vingine mmoja mmoja, alimwuliza Bw. Jeremy Corbyn mara kadhaa kama ataomba radhi kwa Wayahudi wa Uingereza, na kiongozi huyo akaumia vibaya. Zamu ya Waziri Mkuu, Bw. Boris Johnson, haikufika. Hakuja. Bw. Neil akageukia kamera akawasomea watazamaji maswali ambayo angalimwuliza. Juma lililofuata Bw. Johnson akashinda kwa wingi wa viti 80. Ukimwambia mtu mkubwa baada ya hapo kwamba kukataa maswali kuna hasara, atakuuliza hasara ipi.

Pamoja na hayo, sisi hatuoni kwamba jawabu ni kuacha kuuliza. Twaona jawabu ni kuandika daftari. Kituo kinachomwita mchambuzi kina kanda za yote aliyoyasema. Hazipotei, zimo katika maktaba yake. Kazi ya dakika mbili kabla ya kumkaribisha ni kumwambia: mwaka jana, mwezi kama huu, ulisema hivi, imekuwa vile, tueleze. Mwenye akili ataeleza, na tutamsikiliza zaidi kwa kueleza. Asiye na la kueleza atakuwa amejieleza.

Lakini hapa ndipo tunaporudi kwa yule mwandishi wa 1958 aliyeuliza kwa hasira kwamba huyu muulizaji naye kachaguliwa na nani. Swali lake lilikuwa na mzizi, tulisema. Kwani Bw. Neil naye ana daftari, na ukurasa mmoja wa daftari hilo unaihusu nchi yetu.

Katika miaka ya 1992 na 1993, akiwa mhariri, Sunday Times ilichapa makala nyingi zilizotilia shaka kwamba virusi vya Ukimwi ndivyo vinavyoleta Ukimwi. Oktoba 1993 ikafika Kagera. Kwa kutegemea maneno ya wafanyakazi wa shirika la hisani la Kifaransa waliokuwa huko, gazeti likawaambia wasomaji wake kuwa tauni ya Ukimwi ya Afrika ni hadithi isiyokuwako. Kwamba watu wale walikuwa wakifa kwa maradhi ya zamani, malaria na kifua kikuu, na umaskini. Jarida la kisayansi la Nature lililazimika kulijibu gazeti hilo hadharani mwaka huo huo.

Watu wa Kagera hawakuhitaji jarida. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa katika Tanzania walionekana kwao mwaka 1983. Kabla ugonjwa haujapata jina la kitabibu, wao waliuita Juliana, kwa jina la mashati yaliyokuwa yakivaliwa na vijana wa biashara ya mpakani, kwa kuwa vijana hao ndio waliotangulia kukonda. Uchunguzi wa mwaka 1987 uliwakuta na virusi karibu watu wazima 24 katika kila 100 wa mji wa Bukoba. Kulikuwa na nyumba ambamo bibi alibaki na wajukuu sita na hakuna mtu wa katikati. Wakati huo ndipo gazeti lenye nguvu, katika mji ambako misaada na dawa huamuliwa, lilipokuwa likiandika kwamba hakuna kitu.

Hatulitaji jambo hili ili kulipiza kisasi kwa niaba ya Bw. Shapiro, ambaye twadhani hakuwa na habari nalo. Angalikuwa nayo, angaliwahi kuuliza swali la maana kuliko yote aliyoyasema siku ile. Wala hatujiweki pembeni. Ukurasa huu wa maoni huandikwa na watu wasiotia majina yao, wanaosema "sisi" kana kwamba ni wengi, na wasomaji wetu wa zamani wanaweza kufungua majalada ya miaka iliyopita wakatuonyesha ni wapi tulitabiri mvua ikaja jua. Barua za namna hiyo zikifika tutazichapa na majina ya walioziandika, na tutajibu.

Kwa upande wa Bw. Neil, yeye ni mzee wa televisheni na amekaa upande mmoja wa meza kwa miaka mingi. Tungependa jioni moja akae upande wa pili. Mbele yake akae kijana, ikiwezekana aliyezaliwa Bukoba katika miaka ile na kulelewa na bibi yake, mwenye sauti ya polepole, na nakala ya gazeti la Oktoba 1993 mkononi.